Siku Mbili Firenze, na Twiga Mmoja

Daftari langu la mpango lilikuwa na kurasa sita zilizojaa. Saa za treni, bei, mwendo wa miguu kutoka hapa hadi pale, hata choo cha bure kiko wapi. Ninasoma Bologna, Italia, na shangazi yangu alikuja Roma na mahujaji wa parokia yao kwa Jubilei ya 2025. Wenzake waliporudi Songea, tiketi yake yeye ilikuwa imebakiza wiki nzima. Akasema hawezi kwenda kukutana na wanajumuiya bila kuuona Firenze, ule mji wa wachongaji. Nikapanga Jumapili na Jumatatu, tulale usiku mmoja. Ningemuuliza Mwitaliano yeyote angenionya. Sikuuliza.

Shangazi aliomba kiti cha dirishani ili aone milima. Sasa, reli ya treni ya haraka kutoka Bologna hadi Firenze ina kilomita 78, na zaidi ya 70 zimo ndani ya mahandaki. Alikaa akitazama giza mpaka tukakaribia kushuka.

"Baba, hiki kiti cha dirishani umekilipia zaidi?"

"Hapana, shangazi."

"Afadhali."

Chumba nilichokichukua kilikuwa ghorofa ya nne, hakuna lifti, ngazi za mawe zimelika katikati kama jiwe la kunolea visu. Juu kabisa, boriti ya paa imepita chini kiasi kwamba niligonga kichwa kabla sijaweka begi, na nikagonga tena usiku nikienda kujisaidia. Kwenye picha za tangazo boriti ile haikuonekana hata kidogo. Juu ya bei, mwenye nyumba akadai kodi ya jiji, kwa kila kichwa. "Hata hicho kilichovimba?" akauliza shangazi kwa Kiswahili, naye mwenye nyumba akatabasamu bila kuelewa.

Ya chakula nisiyamalize. Ukinywa kahawa umesimama kaunta ni euro moja na senti. Ukikaa mezani bei inapaa mara tatu, na shangazi alishakaa kabla sijafungua mdomo. Kisha tukala mahali wanapotoza pesa ya kukaa tu, wanaiita coperto, na mkate waliotuletea hauna chumvi. Si kwamba mpishi alisahau, ndivyo watu wa Toscana, mkoa ule wa Firenze, wanavyouoka tangu zamani. Kilichotuokoa ni kigari cha barabarani kinachouza lampredotto. Ni utumbo wa ng'ombe, lile tumbo la nne, umechemshwa hadi ukalegea, wanaukatakata na kuujaza ndani ya mkate na pilipili juu. Shangazi alikula wake akaunyemelea wangu. "Hawa sasa ni watu," akasema.

Jumapili hiyo kanisa kuu lilikuwa limefungwa kwa watalii. Mlinzi alitunyooshea kiganja. Shangazi akachomoa rozari, akaipandisha usawa wa macho yake na kutamka neno moja la Kiitaliano alilolijua vizuri, "Messa", tukaonyeshwa mlango wa misa ya jioni. Marehemu mume wake alikuwa fundi mwashi, kwa hiyo wakati wa mahubiri yeye alikuwa anatazama juu. Lile kuba alilijenga Brunelleschi, 1420 hadi 1436, bila kusimamisha jukwaa la mbao kutoka chini la kulibeba. Matofali yamepangwa mkingamo kama miiba ya samaki, safu inashikilia safu mpaka juu. Tulipotoka nilimweleza hayo. Alinyamaza kidogo, akasema mzee wake angekaa pale wiki, na kazi ya watu ingelala.

Jumatatu saa tatu asubuhi tulikuwa mlangoni mwa makumbusho ya Accademia, anakokaa Daudi, ile sanamu ya mtu uchi aliyoichonga Michelangelo. Ukurasa wa nne wa daftari: "Daudi, saa 3:00." Hakukuwa na foleni, nikafurahi. Kisha nikasoma kibao. Jumatatu hawafungui. Uffizi nayo, makumbusho ya michoro, Jumatatu hawafungui. Ndiyo kawaida yao kila wiki. Nimejua choo cha bure kiko wapi, hilo sikulijua.

Angenifokea ningepumua. Badala yake alitengeneza kitambaa chake kichwani, akasimama wima pembeni ya kibao na kusema, "Haya, nipige picha na mlango."

Nilimpeleka uwanja wa Piazza della Signoria kwenye nakala ya sanamu ile. Daudi mwenyewe alisimama pale tangu 1504 hadi 1873, ndipo wakamhamishia ndani. Shangazi alimzunguka mara moja. "Na hii mvua yote, hawakumpa hata kaniki?"

Mvua kweli ilikuwa imeanza. Tukasogea upande wa stesheni, na kwa sababu treni yetu ilikuwa bado sana, tukaingia kanisa la Santa Maria Novella, ng'ambo tu ya stesheni, ili tukae pakavu. Lina kiingilio nalo. Nyuma ya altare kuu kuna kikanisa kilichochorwa ukutani kote na Ghirlandaio na vijana wake, kati ya 1485 na 1490. Mama mmoja mlinzi, miwani imening'inia kifuani, akatuuliza tumetoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akamshika shangazi mkono, bila kuomba ruhusa, akamsogeza na kunyoosha kidole juu, ukuta wa kushoto, Mamajusi wanapomsujudia Mtoto.

"Giraffa."

Nikavuta kwa kamera ya simu. Mchoro wenyewe ukutani umeharibika sana, lakini shingo ile huwezi kuikosea. Yule mama akasimulia, nami nikatafsiri. Mwaka 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici, aliyekuwa akiutawala mji ule, zawadi, na ndani ya zawadi mlikuwa na twiga mzima. Mji ulitoka wote kumtazama. Hakukaa sana. Aligonga kichwa kwenye boriti, shingo ikavunjika, akafa.

Nilijipapasa paji la uso. Shangazi alikuwa ameacha kutazama picha, anamtazama yule mama.

"Mwambie, walijua anakuja?"

"Walijua, shangazi."

"Na milango hawakuipima?"

Yule mama akainua mabega.

"Kwetu ukipita Mikumi na gari ukamgonga twiga, faini yake ni dola. Kibao kipo barabarani. Hawa walimlipa nani?"

Hilo sikulitafsiri. Basi la Songea linakatiza Mikumi, shangazi amepita pale maisha yake yote, na twiga wanasimama kando ya lami wakitafuna huku abiria wamelala. Mimi mwenyewe sikumbuki kuwahi kufungua pazia. Huko Firenze shangazi alisimama chini ya ukuta ule, kichwa nyuma, mpaka mlinzi mwingine akatuambia wanafunga.

Treni ilipoingia handakini hakudai dirisha. Tulipofika Bologna simu ikaita, ni baba yangu kutoka Songea, anataka habari za safari. Kuba halikutajwa, wala Daudi, wala utumbo.

"Kaka," akasema shangazi, "hawa watu walishamuua twiga."