Mwanza hadi Bukoba, dakika 41

Tangu utoto nilijua Mwanza na Bukoba zimetenganishwa na usiku mmoja. Unapanda meli jioni, kunapambazuka uko Bukoba. Kwa basi ni zaidi ya kilometa 400, maana barabara inalizunguka ziwa kupitia Geita na Biharamulo. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, limetuondolea foleni ya kivuko, ila mzunguko uko palepale. Safari hii baba alikuwa anaingia chumba cha upasuaji saa 4 asubuhi, nami nilitaka anione kwanza. Nikakata tiketi ya ndege.

Usiku ule sikulala. Nilipima kwenye ramani ya simu: mstari ulionyooka, kama kilometa 174. Ndege ya pangaboi hukimbia karibu kilometa 500 kwa saa. Nikagawanya, nikapata dakika 21. Tiketi inasema 50! Nikajiuliza hizo nyingine zinaliwa na nini.

Asubuhi nikaziona zikiliwa. Muda wa tiketi huanza ndege inaposogea kutoka maegeshoni, na huisha inaposimama upande wa pili. Tulisogea saa 1:08, tukangoja nyingine itue, tukaruka saa 1:20. Kisha kupanda, na ndege inayopanda haina mwendo wake kamili. Ukerewe ikabaki kulia, Kome kushoto. Mlio wa injini ulipotulia zilikuwa zimepita dakika 12, na sikuwahi hata kurudisha simu mfukoni kabla haujapungua tena: tunashuka. Safari fupi namna hii ni kupanda na kushuka tu. Mwendo wa kilometa 500 tuliuonja kidogo mno.

Halafu likaja wingu. Usiku mvua ya radi hujijenga katikati ya ziwa, upepo wa mashariki ukaisukuma magharibi, ndiyo maana Bukoba huamka inanyeshewa wakati Mwanza ni kukavu. Dirisha langu likawa jeupe, matone yakikimbia kurudi nyuma kama nyuzi. Rubani akatangaza kuwa tutazunguka kidogo juu ya maji, wingu lipite. Hakuna aliyelitaja, lakini wote tulilikumbuka: 6 Novemba 2022, ndege ilipoangukia ziwani karibu kabisa na uwanja huu na watu 19 wakafariki. Mama mtu mzima niliyeketi naye alikuwa ameshika rozari, vidole vimekaza hadi kucha zimekuwa nyeupe.

"Mwanangu, bado mbali?"

"Tumeshafika, mama. Tunangoja njia ionekane."

Tulizunguka mara mbili. Nilikuwa na haraka kuliko mtu yeyote mle ndani, na bado moyoni nilimwomba rubani asiharakishe. Kisha wingu likaachia, kisiwa cha Musira kikatokea, maji yakatukaribia mpaka nikaona mtumbwi na mvuvi wake, na ghafla chini yetu ni lami. Saa 2:01. Mama akaniachia mkono. Sikuwa nimetambua kwamba aliushika.

Bodaboda ilinifikisha hospitali saa 2:25. Baba alikuwa macho, ameshavalishwa gauni la kijani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Meli imetia nanga saa ngapi leo?"

Nikakaa kitandani kwake nikamsimulia, dakika kwa dakika, mpaka walipokuja kumchukua.