Nilivyobadilisha op-ampu katika pedali za distosheni hapa Lubumbashi

Karibu kila mpiga gitaa niliyemwuliza kuhusu pedali yangu ya distosheni (kisanduku cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa), iliyotoa sauti kavu, alinijibu vilevile: toa chipu iliyomo, weka ya bei kubwa, sauti itafunguka. Ushauri huo umewamalizia wapigaji wengi wa kwaya fedha zao, na uliniudhi hata nikaamua kuupima kwa masikio yangu mwenyewe.

Pedali yenyewe imeundwa kwa mfano wa Tube Screamer, pedali maarufu ya Ibanez, na ndani yake mna op-ampu (chipu ya kukuza sauti) pacha ya aina ya 4558, yaani vikuzaji viwili katika chipu moja, yenye miguu minane. Chipu za kulinganishia sikuziagiza mbali, kwa sababu mafundi redio wa soko la Kenya, hapa hapa mjini, wana marundo ya bodi za mixer na redio kaseti zilizokufa, na 4558 imejaa humo. Op-ampu za TL072 na NE5532, pamoja na soketi, nilizinunua mpya, na vyote kwa pamoja havikufika dola kumi.

Kazi ilikuwa kuitoa ile ya zamani. Nilikuwa nimeshauriwa niyeyushe lehemu ya miguu yote kwa mara moja kisha niichokonoe chipu kwa bisibisi, jambo ambalo hubandua njia za shaba, kwani katika bodi za pedali ni nyembamba sana. Fundi mmoja mzee alinionyesha njia iliyo bora mara mia. “Mwanangu, chipu hii unaitupa, mbona unaihurumia?” Akachukua koleo dogo la kukatia, akakata miguu mmoja mmoja pale inapotokea mwilini mwa chipu, mwili ukadondoka mezani. Kisha kila mguu uliobaki aliupasha joto kwa sekunde mbili tu, akauchomoa kwa kibano kama mwiba kidoleni. Matundu tuliyasafisha kwa utambi wa shaba unaonyonya lehemu, na mahali pa chipu pakakaa soketi. Tangu hapo ninabadilisha chipu bila moto wowote, hata umeme ukiwa umekatika, maana pedali hutumia betri ya volti 9. Alama ya mguu wa kwanza lazima ielekee panapostahili, kwa sababu chipu iliyogeuzwa huungua.

Kabla ya kuchomeka gitaa mimi hupima kwa multimita: mguu wa 4 sifuri, wa 8 karibu volti 9, wa 1 na wa 7 nusu yake, yaani kama 4.5. Mmojawapo wa hiyo miwili ukisoma 9 au sifuri, chipu imekufa au lehemu imegusana mahali.

Mdogo wangu alinibadilishia chipu huku mimi nikiwa nimegeukia ukuta, na baina ya 4558 na TL072 tofauti ilikuwa ndogo mno. Sababu ni kwamba katika pedali hii wimbi la sauti hukatwa na dayodi (vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinazounganisha tokeo la op-ampu na ingizo lake, kabla chipu yenyewe haijafikia kikomo chake. NE5532 nayo ilinipa sauti ileile, ila hula umeme mwingi zaidi ya TL072.

Pedali ya RAT ya mwenzangu ni habari nyingine. Ilikuwa na LM308, chipu ya polepole ambayo volti zake hupanda kwa 0.3 tu kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, na wakamwambia aweke TL071, inayofika 13. Tulipoiweka, sauti ikawa kali na ya kukwaruza, kwa sababu katika RAT ule upolepole wa chipu ndio unaolainisha sauti za juu gitaa linapokuzwa sana. Tuliirudisha LM308 jioni ileile. LM308 haitengenezwi tena, kwa hiyo anayeikosa atafute OP07, ambayo kasi yake ni hiyohiyo.

Katika pedali yangu nimeacha 4558 ya sokoni. Nilichobadilisha ni dayodi mbili, nikaweka vitaa vyekundu vya LED. Vyenyewe huanza kukata karibu na volti 1.7 badala ya 0.6, na sasa gitaa linasikika juu ya ngoma bila kuongeza amplifaya.