Siku moja maishani mwangu: kumsaka mbu mgeni

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi niko stejini Githurai, Nairobi. Foleni ya Thika Road haisubiri mtu.

Saa mbili nimeshavaa koti jeupe na glavu. Mezani kuna mbu walionaswa kwa mitego ya taa huko kaskazini mwa Kenya, kila mmoja kwenye kichupa chake chenye tarehe na mahali aliponaswa. Namtafuta Anopheles stephensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia Kusini. Huyu hutaga mayai kwenye matangi, mapipa na mitungi ya maji, ndiyo maana mijini anastawi. Ukimtazama kwa hadubini ni rahisi kumdhania mbu wetu wa kawaida wa malaria. Kwa hiyo nang'oa mguu mmoja, nausaga, natoa vinasaba.

Saa nne, chai. Mashine ya PCR, inayonakili vinasaba mara nyingi ili tuweze kuvitambua, ikiendelea, mwanafunzi tunayemfundisha kazi ananiuliza: "Daktari, tukiwapa wengine data zetu zote, si watatutangulia kuandika?"

Ana haki ya kuuliza, maana kuna watafiti waliotumiwa jasho lao bila hata kutajwa. Nikamsimulia ya Djibouti. Mbu huyu aligunduliwa huko mwaka 2012, na waliomwona wakachapisha. Mwaka huo nchi hiyo iliripoti wagonjwa 27 wa malaria. Mwaka 2020 walizidi 70,000. Ethiopia walimkuta mwaka 2016, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari. Wenzetu walipomsaka Marsabit, huko huko kaskazini mwa Kenya, tayari walijua hujificha wapi, na vinasaba vya kulinganishia vilikuwepo. Wa Djibouti wangeficha matokeo yao, sisi tungeanzia sifuri huku watu wakiugua.

Saa nane mchana majibu yanatoka: hakuna stephensi hata mmoja. Wapo wanaoona hapo hakuna cha kuandika. Mimi sikubaliani nao kabisa. Naandika eneo, mwezi, na hasa aina ya mtego, kwa sababu mitego ya taa haimnasi vizuri mbu huyu. Atakayesoma ataelewa kwamba hatujasema hayupo. Tumesema hatukumpata kwa njia hii. Asiporudia njia ileile, ameokoa fedha na msimu mzima wa mvua.

Saa tisa na nusu tunazungumza kwa simu na wenzetu wa Addis Ababa. Wanashauri tuchote viluwiluwi kwenye vyombo vya maji badala ya kungoja mbu wazima, na wanaahidi kututumia utaratibu wao.

Saa kumi na moja naingiza mifuatano ya vinasaba vya mbu tuliowapata kwenye GenBank, hifadhi ya data za vinasaba. Hifadhi hiyo iko Marekani, iko wazi kwa wote, na kila siku hubadilishana data na zile za Ulaya na Japani. Fomu inauliza: zitolewe sasa au zisubiri hadi tarehe fulani? Mkuu wangu ameridhia, nami nachagua sasa. Kisha namwachia mwanafunzi orodha ya kesho: kata za kuchotea, ndoo nyeupe, vichupa, na barua ya kuomba gari la kurudi kaskazini.