Usikubali kuuziwa difu na shida ni krosi

Watu wangu, kama gari inagonga kwa nyuma ukiachilia klachi, halafu ukitoa mguu kwa mafuta inagonga tena, usikimbilie difu (lile boksi la gia la nyuma linalogawia magurudumu nguvu), anza na krosi za shafti (vile viungo vya umbo la msalaba vinavyoacha shafti ijipinde ikizunguka). Naandika nikiwa Coventry hapa Uingereza lakini hiyo akili niliitoa Nakuru, kule Industrial Area, kabla hata sijawaza kupanda ndege.

Gari yenyewe ni Datsun 240Z ya 1972, ya mzee jirani yangu. Kwa wale wa juzi, hii ndio gari ilichukua Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta, na ukiwatajia wazee wa Nakuru hiyo 240Z wanaweka chai chini wanaanza kuongea. Injini silinda sita, cc 2393, na kwa nyuma kila gurudumu linajitegemea, kwa hivyo kwa difu kunatoka shafti fupi mbili, kila moja ina krosi mbili, na katikati kuna mahali pa kuteleza penye gololi ndio shafti irefuke na ifupike gurudumu likipanda na kushuka. Gereji moja ilikuwa imemwambia difu imekufa, na kwa bei aliyopewa akaanza kufikiria kuuza, na hii ni gari amekaa nayo tangu ujana wake.

Nikarekodi ile sauti nikamtumia fundi aliyenifunza kazi, akanipigia hapo hapo.

"Kijana yangu, hiyo si difu. Difu ikiisha inalia, krosi ikiisha inagonga. Shika shafti na mikono miwili uinyonge."

"Sawa mzee, wacha niinue gari kwanza."

"Inua, na uweke mawe kwa magurudumu ya mbele."

Na kweli, mkono mmoja huku na mwingine ng'ambo ya krosi, ikacheza, na pembeni ya vikombe, vile vya beringi vinavyovaa ncha za krosi, kulikuwa na unga mwekundu wa kutu, hiyo ukiiona jua ndani grisi ilikauka zamani. Huku si vumbi kama kwetu, adui ni chumvi, wakati wa baridi wanaimwaga barabarani barafu isishike na inaingia kila mahali, boliti zilikataa kabisa mpaka nikazipasha moto. Tena tangu 2018 gari ikipita miaka 40 na haijabadilishwa sana si lazima iende ukaguzi wa kila mwaka, kwa hivyo inaweza kutembea na krosi imekwisha na hakuna mtu anaangalia chini yake isipokuwa mwenyewe. Mimi sipendi hiyo, gari ya zamani ndio inafaa kuangaliwa zaidi.

Kabla ya kufungua chochote piga alama ya rangi. Krosi moja ikikaa kwa pembe haizungushi mwendo sawa, ndani ya kila mzunguko inaharakisha kidogo halafu inachelewa kidogo, na ile ya pili ndio inasawazisha, lakini ni kama tu uma (zile pembe mbili za shafti zinazoshika krosi) za pande zote mbili zimeelekeana. Ukirudisha vibaya utapata mtetemo na utarudi kulaumu difu ile ile. Gololi za katikati nazo zisichanganywe, za shafti ya kushoto zikae na shafti ya kushoto.

Sasa krosi. Toa saklipi, zile ringi ndogo zinazozuia vikombe visitoke, weka kwa vaisi, soketi ndogo inasukuma kikombe na soketi kubwa upande wa pili inakipokea. Nilipoitoa nikaipangusa nikaona mistari imechimbwa kwa chuma, imelala sambamba kama meno ya kitana, yaani kila sindano ya beringi ilikuwa imejichimbia shimo lake, kwa sababu hapo krosi inacheza pembe ndogo sana na sindano zinasimama mahali pamoja miaka na miaka. Hiyo haina kupiga msasa, ni kutupa.

Kuweka mpya ndio kunataka roho ya polepole. Sindano unazishikilia na grisi zisianguke, na ukiona kikombe kimekataa kuingia ile nusu milimita ya mwisho, weka nyundo chini, kuna sindano imelala ndani, fungua tena. Saklipi zinauzwa unene tofauti, chagua zile zinaondoa mchezo lakini krosi bado inageuka kwa vidole, na pande mbili ziwe unene mmoja ndio krosi ikae katikati. Mimi napenda krosi zenye nipo ya grisi (kale kachuchu ka kupigia grisi) juu ya hii chumvi, kila ukipiga grisi mpya inasukuma maji nje.

Tulipotoka kuijaribu mzee akabadilisha gia, akasikiliza, akabadilisha tena, hakuna kitu. Alicheka mpaka nyumbani. Difu ni ile ile iliyokuja na gari.

Kwa nyinyi wa Nakuru na Kisumu mnaoniuliza juu ya Probox kulia ka-ka-ka ukikata kona, hiyo ni kitu ingine, ni CV ya mbele, yaani kiungo cha shafti ya gurudumu la mbele, ina gololi sita ndani na inaishi kwa grisi yake. Chungulieni ile buti ya raba inayofunika CV kila mkiosha gari, ikichanika badilisheni buti na grisi siku hiyo hiyo, kwa sababu ikishaanza kulia mchanga umeshakula njia za gololi na hapo ni kununua CV nzima.