Kuzisaka nota za piano za Florence Price

Kwa muda sasa jioni zangu nyingi zimekwenda katika kutafuta nota za piano za Florence Price, mtunzi Mmarekani mweusi aliyezaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887 na kufariki Chicago mwaka 1953. Leo nimeona niandike kile ambacho msako huo umenionyesha, kwa sababu umebadilisha kabisa namna ninavyoelewa muziki unaosemekana kuwa umepotea.

Nilimfikia kupitia Dances in the Canebrakes, vipande vitatu vifupi vilivyochapishwa mwaka 1953. Ni muziki mchangamfu: mkono wa kushoto unakwenda kwa hatua thabiti, na wa kulia unawahi au unachelewa kidogo, kama mcheza ngoma anayejua hasa pigo liko wapi na kwa hiyo anaweza kulichezea. Nikataka zaidi. Nikasoma kwamba aliandika sonata ya piano katika E maina, vipande vinne vikubwa vinavyoitwa Fantasie nègre, koncheto ya piano na okestra, na vipande vingine vingi. Kilichonishangaza ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hizo haikuchapishwa alipokuwa hai. Hata ile sonata, ambayo ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya Wanamaker, yaliyokuwa ya watunzi weusi, mwaka 1932, ilibaki katika mwandiko wa mkono hadi ilipochapishwa mwaka 1997 kwa juhudi za mtafiti Rae Linda Brown, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kumrudishia Price heshima yake.

Mtu anaweza kudhani kwamba hakuna aliyemjua. La hasha. Mwaka huo huo wa 1932 simfoni yake ya kwanza nayo ilishinda katika mashindano yale yale, na tarehe 15 Juni 1933 Okestra ya Simfoni ya Chicago iliipiga chini ya kiongozi wake, Frederick Stock. Hapo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuandika simfoni iliyopigwa na okestra kubwa ya Marekani. Kilichokosekana ni wachapishaji waliokuwa tayari kuchapa kazi zake ndefu. Waliununua kwake muziki mdogo wa kufundishia watoto, kwa kuwa walimu wa piano walikuwa wateja wa uhakika, na yeye, aliyekuwa mama wa watoto wawili baada ya ndoa kuvunjika, alihitaji fedha hizo. Matokeo yake, nota zilizoenea madukani zilikuwa za mwalimu wa watoto, na mtunzi wa kazi kubwa akabaki kabatini. Naliona hili kuwa chanzo kikubwa zaidi cha upotevu kuliko moto wala mafuriko. Nakala iliyochapwa mara elfu haipotei kirahisi, lakini nakala moja ya mkono hutegemea bahati ya nyumba ilimohifadhiwa.

Margaret Bonds, mwanafunzi wake ambaye baadaye alikuwa mpiga piano na mtunzi mashuhuri, alisimulia jinsi wanamuziki weusi wa Chicago walivyokuwa wakikusanyika usiku wa baridi jikoni kwa mama yake, wakizunguka meza na kumsaidia Price kunakili nota kabla tarehe ya mwisho ya mashindano haijafika. Picha hiyo nimeitafakari sana. Kila karatasi ninayoisaka leo ilipita mikononi mwa watu, na mingine ya mikono hiyo haikuwa yake.

Habari inayojulikana zaidi ni ile ya St. Anne, mji mdogo ulio kusini mwa Chicago. Mwaka 2009 wanandoa walionunua nyumba iliyokuwa imetelekezwa huko, na waliotaka kuikarabati, walikuta marundo ya karatasi. Mti ulikuwa umetoboa paa na watu walikuwa wameingia na kuharibu vitu, lakini karatasi hizo zilikuwa upande uliobaki mkavu. Ilikuwa nyumba ya mapumziko ya Price wakati wa kiangazi. Humo mlikuwa na koncheto zake mbili za fidla na simfoni yake ya nne, pamoja na kazi nyingine nyingi. Wanandoa hao wangeweza kuzitupa zote pamoja na mbao zilizooza. Walilitafuta jina lililoandikwa juu ya karatasi, wakawasiliana na Chuo Kikuu cha Arkansas kilichopo Fayetteville, ambacho tangu miaka ya 1970 kilikuwa na sehemu ya nyaraka zake, na fungu hili jipya likaungana na lile la zamani.

Hata hivyo, kisa kinachonigusa kuliko hicho ni cha Fantasie nègre ya tatu, katika F maina. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kurasa mbili tu ndizo zilizosalia. Samantha Ege, mpiga piano na mtafiti kutoka Uingereza, hakuridhika na maelezo hayo. Alizipitia karatasi nyingine za hifadhi hiyo hiyo, akaona kwamba kurasa zilizokuwa zimehesabiwa kuwa kitu kingine zinaendelea pale pale ambapo ukurasa wa pili unaishia. Kipande kikakamilika, naye akakirekodi katika albamu iliyotoka mwaka 2021. Kwa maneno mengine, muziki uliosemekana kuwa umepotea ulikuwa umekwisha kufika maktabani, na haukuwa na mtu wa kuuunganisha.

Yeyote aliyekaa katika kwaya zetu anajua jambo hili linavyotokea. Nota hutolewa kopi ya kopi, ukingo wa juu hukatwa na mashine pamoja na jina la mtunzi, ukurasa wa mwisho hubaki kwa mtu aliyehama parokia, na baada ya miaka michache wimbo mzuri unaimbwa nusu, ukiitwa wa mtunzi asiyejulikana ilhali mwenyewe yuko hai mtaa wa tatu.

Kuunganisha kurasa zilizotengana ni kazi ya jicho, lakini kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mikono juu ya piano. Unaanza na vitu vinavyoonekana: alama za ufunguo mwanzoni mwa mstari, idadi ya mapigo katika kila kipimo, aina ya karatasi, namna mwandishi anavyochora mikia ya nota. Kisha unatazama ukingo wa kulia wa mstari wa mwisho. Mara nyingi pana tao linaloiunganisha nota na nyingine isiyokuwapo, linaning'inia hewani, na ukurasa unaoutafuta lazima uanze kwa kulipokea tao hilo kwa sauti ile ile. Mwishowe unakaa na kupiga. Mkono uliozoea kazi za Price unajua kwamba hapendi kuuacha wimbo wa kiroho wa Wamarekani weusi upite mara moja tu. Huurudisha ukiwa umevikwa akodi nzito zaidi, kama anavyofanya katika Fantasie ya kwanza ya mwaka 1929, aliyoijenga juu ya wimbo wa kiroho "Sinner, Please Don't Let This Harvest Pass". Ukijua tabia hiyo, unajua pia ni kitu gani bado hakijatokea katika kurasa ulizo nazo, na ndicho unachokwenda kukitafuta.

Koncheto ya piano ilikuwa na njia yake. Price mwenyewe aliipiga kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1934. Baadaye nota za okestra zikatoweka, zikabaki nakala za piano zilizokuwa na madokezo ya ala. Mwaka 2011 mtunzi Trevor Weston aliziandika upya sehemu za okestra kwa kufuata madokezo hayo, na miaka iliyofuata nota halisi za okestra zikajitokeza kwenye mnada. Wapo wanaosema kwamba kazi ya Weston sasa haina faida. Mimi nakataa. Bila yeye, kizazi kizima cha wapiga piano kisingejua kwamba pana kitu cha kutafuta.

Linaloniudhi ni habari zinazoeleza kwamba Price alifufuliwa kutoka kusahaulika kabisa. Tarehe 9 Aprili 1939, Marian Anderson alipoimba mbele ya umati wa watu zaidi ya 75,000 katika Jengo la Kumbukumbu la Lincoln mjini Washington, miongoni mwa nyimbo alizoimba ulikuwamo "My Soul's Been Anchored in de Lord", wimbo wa kiroho alioupangilia Price, na siku hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Price. Waimbaji weusi waliendelea kuuimba baada ya hapo. Waliomsahau ni wale waliokuwa na funguo za kumbi kubwa. Mwaka 1943 alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa Okestra ya Simfoni ya Boston, akitaja waziwazi vikwazo vyake viwili, kuwa mwanamke na kuwa mweusi, na akiomba kazi yake ipimwe kwa ubora wake tu. Okestra hiyo haikupiga kazi yake hata moja chini ya Koussevitzky.

Tangu mwaka 2018 kampuni ya G. Schirmer imekuwa na haki za kuchapisha kazi zake, na matoleo ya piano yaliyohaririwa na John Michael Cooper yamekuwa yakitoka moja baada ya jingine, kwa hiyo mtu aliye Dar es Salaam kama mimi anaweza kununua leo kile ambacho mwanafunzi wa Chicago wa miaka ya 1960 hakuweza kukiona. Lakini sijaacha kuipitia orodha ya masanduku na majalada ya Fayetteville, mstari kwa mstari, hasa ile mistari isiyo na anwani, inayosema tu kwamba ni kipande cha piano ambacho hakijakamilika. Kila mstari wa namna hiyo nauandika daftarini pamoja na ufunguo wake ukitajwa, kisha naulinganisha na vipande vinavyojulikana kuwa na pengo. Wiki hii naanza kujifunza Fantasie ya tatu yenyewe, na nitaanzia katikati, mahali ambapo ukurasa wa pili ulikuwa unakoma.