Sketi ya marinda

Jumapili, usiku

Sketi imerudi imechanika. Marinda mawili ya upande wa kulia yamefumuka kuanzia kiunoni, na pindo limeshika lile vumbi letu jekundu ambalo halitoki kwa maji ya kwanza. Ni sketi ya bluu ya sekondari. Za aina hii nimeshashona nyingi tangu nifungue banda langu karibu na soko la Majengo, ila hii ina kaptula nyeusi niliyoiunganisha kwa ndani, kwa sababu anayeivaa anaanguka chini, anazunguka kwa mgongo, anasimama kwa mikono. Nimekaa nayo mapajani tangu tumalize kula. Nataka niyaandike ya jana kabla hayajapoa.

Mdogo wangu na wenzake wanacheza dansi la mtaani hapa Chang'ombe. Wako tisa, wasichana wanne na wavulana watano. Mazoezi wanafanyia nyuma ya nyumba yetu, juu ya maboksi ya friji waliyoyapasua na kuyaunga kwa selotepu ili mawe yasiwachune viwiko. Mwanzoni nilikuwa nawapigia kelele wapunguze sabufa, mimi nina kazi za watu. Halafu siku moja mdogo wangu akaja na mita yangu ya kupimia shingoni: "Dada, tunaomba utushonee sketi ya shule. Tunataka kwenda vijiwe vya bodaboda."

Hakuhitaji kunieleza. Kila anayeishi huku pembezoni mwa Dodoma anaijua hiyo njia. Shule ya kata iko mbali, binti anatoka kwao bado giza, nauli hana au anayo ya kwenda tu. Pikipiki inasimama. Leo lifti, kesho lifti na chipsi, na mwezi wa tatu hakuna anayekumbuka ilianzaje.

Niliyekuwa naketi naye dawati moja kidato cha pili, mwaka 2009, alitoka ofisini na begi lake kifuani, akapita mbele ya madirisha yetu, hakugeuka. Tulijua ana mimba, tulijua ni ya nani. Sikusema kitu siku ile wala siku zilizofuata. Serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa mimba wanaruhusiwa kurudi shule, mwanawe alikuwa darasa la tano. Nilimpelekea habari nikidhani atafurahi. Aliniuliza bei ya sare ya mtoto.

Kwa hiyo niliishona, na sikuwadai hata ya uzi.

Kuna jambo mdogo wangu alinisimulia wakati wa kupima, nami sijaacha kulifikiria. Hip hop waliyoifuata hawa watoto, watu wanaihesabu tangu tarehe 11 Agosti 1973, kwenye jumba namba 1520 la Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx, New York. Kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, waliyemwita Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe iliyoandaliwa na dada yake, Cindy. Cindy alitoza kiingilio kidogo kwa sababu alitaka hela ya kununua nguo za kufungulia shule! Mimi fundi wa sare, nilijihisi nimetajwa. Na mwaka ni uleule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie hapa kwetu Dodoma.

Herc aligundua kwamba wachezaji walikuwa wanasubiri kile kipande cha wimbo ambapo uimbaji unakaa pembeni na ngoma inabaki peke yake. Akachukua santuri mbili za aina moja, akawa anakirudia kipande hicho hadi kikawa kirefu. Hapo ndipo vijana walipoingia duarani.

Bibi yetu wa Mvumi alikuwepo siku wanamwonyesha hicho kipande. Alisikiliza, akaomba dumu tupu la lita ishirini. Akalibana katikati ya mapaja kama wanawake wa Kigogo wanavyobana ngoma za muheme, akaanza kupiga. Mapigo ya kwanza vijana walicheka kwa furaha. Baada ya dakika walikuwa wamenyamaza, mmoja anahesabu kwa vidole, mwingine anatikisa kichwa kwamba bado hajalipata. Bibi akawaambia, "Miguu yenu hodari. Mabega mmeyaacha wapi?" Ngoma ile zamani ilikuwa ya wasichana wanaotoka unyagoni, ya kumwambia binti sasa wewe ni wa jamii nzima. Sasa ndiyo inayoanzisha onyesho lao, inapigwa kwenye madumu matatu.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya mwisho. Onyesho la kwanza lilimalizika kwa pingu: dereva anakamatwa, anahesabiwa miaka. Sheria ipo kweli, tangu 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30 jela, na vijiweni wote wanaijua, wanaiita mvua thelathini. Wakacheza hivyo mara mbili. Watu walipiga makofi, madereva walipiga honi, wakaondoka. Mimi niliona ni ushindi. Mdogo wangu alirudi amenuna. "Dada, kila mtu pale alikuwa anamwangalia mtu mwingine. Hakuna aliyejiona." Nilibisha sana. Nilitaka yule mtu afungwe, walau kwenye dansi, kwa ajili ya rafiki yangu. Leo nakubali alikuwa sahihi.

Kumbe njia waliyoichagua badala yake, ya kukatiza dansi na kuwaachia watazamaji waingie wamalizie, ina wakubwa wake hapahapa nchini. Miaka ya 1980 akina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakatafuta nao tatizo, wakalicheza kwa ngoma za palepale, kisha wakajadiliana.

Jana, saa kumi jioni. Barua ya mwenyekiti wa mtaa ilikuwa mfukoni, maana mara moja tulishafukuzwa kwa kukosa barua. Binti anaanza kutembea. Wachezaji wanne wamelala chini mbele yake, wao ndio barabara. Akishawapita wanaviringika, wanainuka, wanakimbia kulala tena mbele. Barabara haiishi. Mabega yake yanashuka kidogokidogo kwa mapigo ya madumu. Kisha wawili wanakuwa pikipiki, mmoja ameinama, mikono ndiyo usukani, mwenzake juu ya mgongo. Binti anainua mguu mmoja kupanda. Ngoma inakatika. Anabaki hivyo, mguu hewani, paja linatetemeka.

"Mbukwenyi!" mdogo wangu akasalimia duara zima. "Nani anaingia?"

Kimya. Nilimwonea huruma yule binti na ule mguu.

Akaingia dereva mtu mzima, rifleta imepauka. Akamwambia kijana aliyekaa juu, "Shuka." Akasimama yeye mahali pake.

"Nauli unayo?"

"Sina, baba."

"Basi panda, nakupeleka bure."

Watu wakapiga kelele, hivyo hivyo ndivyo inavyoanza! Akajitetea kwamba anataka kumsaidia kweli. Binti hakutoka kwenye nafasi yake: "Na kesho, baba? Na keshokutwa?"

Yule baba alishika helmeti yake kwa mikono miwili. Alichelewa kujibu. "Leo sitakudai," alisema. "Kesho ndiyo nitakudai kitu."

Hakuna aliyecheka, hata wenzake. Nimesikia semina na matangazo mengi, sijawahi kusikia mwanaume akiyasema hayo kwa mdomo wake mbele ya wenzake.

Ndipo mama mmoja muuza mboga akaingia, akasimama katikati ya ile barabara ya watu. "Na sisi tunaowatoa nyumbani bila hiyo nauli?" Hapo moto uliwaka. Wengine walisema wazazi ni wavivu, wengine wakauliza hiyo hela inatoka wapi, shamba lenyewe mvua haikunyesha. Tulikaa mpaka jua likazama, madumu yamegeuzwa viti. Mwishowe mama yuleyule alisema wao wanne hupita njia ile alfajiri kufuata mboga, kwa hiyo mabinti watembee nao. Dereva mwenye rifleta akasema kijiwe chake kitajua sura zao.

Ni jambo dogo, na jioni hakuna mboga za kufuata. Kurudi kwao bado hatujapata jibu. Nimeshalia mara mbili leo, na sijui kama ni kwa furaha.

Marinda nimeyarudisha, nimeyapiga mishono miwili kwa uzi wa jinzi. Jumamosi wanakwenda Nkuhungu. Wale mama wa mboga na mabinti wamekubaliana kukutana kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri, chini ya mwarobaini wa kijiweni. Nimeweka kengele kwenye simu, nataka nihesabu wamekuja wangapi.