Likizo ya pwani kwa rangi zake: mradi umefika wapi

Mradi wenyewe ni huu: napiga picha za watu walio likizoni kwenye fukwe za Mombasa, kuanzia Nyali hadi Shanzu, na kila picha iwe na rangi moja inayoitawala. Buluu na nyeupe zimekwisha. Nyekundu inaendelea. Zambarau sijui nitaitoa wapi.

Buluu ndiyo iliyonitoa jasho. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi hutokea baharini na kukupiga usoni. Ukielekeza kamera majini, watu wanakuwa vivuli na maji yanakuwa na rangi ya bati. Wanaopenda picha za mapambazuko ruhusa, mimi zimenichosha. Baada ya adhuhuri jua huhamia upande wa bara, nyuma yako, na ndipo maji yanapotoa ule ubuluu wa kijani unaowaleta wageni.

Lakini jua peke yake halitoshi. Kuna alasiri unafika Bamburi unakuta bahari imekupwa, mbele yako ni mwani na vidimbwi tu. Dawa yake ni kuhesabu mwezi. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hapa Mombasa maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, na hupanda zaidi ya mita 3. Maji tele na jua la mgongoni, vyote kwa wakati mmoja! Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji hayapandi sana, mambo hugeuka, saa kumi ndipo yanapokupwa. Kwa hiyo kabla ya kuchaji betri natazama kwanza kalenda ya Kiislamu: tarehe mosi hadi tatu, na kumi na tano hadi kumi na saba, ndizo zangu.

Kwa wenye filta ya polaraiza, kile kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachokoleza anga: nguvu yake angani huonekana jua likiwa ubavuni. Alasiri, ukitazama bahari moja kwa moja, mbingu haibadiliki sana. Geuka ufuate urefu wa ufuo, zungusha pete taratibu, utaiona buluu ikikolea. Ila kwa lenzi pana sana anga hutoka na baka la giza upande mmoja, na baka hilo kuliondoa kwenye kompyuta ni adhabu.

Nyeupe ilikuwa rahisi. Mchanga wetu wa matumbawe huidanganya kamera, ikaufanya wa kijivu na nyuso zetu zikawa giza. Naongeza mwangaza hatua moja, basi. Tena mchanga huohuo hurudisha mwanga chini ya kidevu na kofia, bure kabisa.

Nyekundu nimeifuata ufuo wa Pirates, siku ya Jumapili, kwa muuza mabuyu. Anayapima kwa kikombe kidogo cha plastiki, vidole vimeiva rangi hadi kwenye kucha. Mteja wake alikuwa mtoto wa miaka minne hivi, wekundu umemshuka mpaka kidevuni. Nikamwomba mamake ruhusa.

“Mpige, kaka, lakini ngoja nimfute mdomo.”

“Usimfute, dada, huo mdomo ndio picha.”

“Haya. Ila mimi nisionekane, sijajitengeneza.”

Haonekani, ni pindo la leso yake tu, nayo kwa bahati ina nyekundu. Picha hiyo inaingia.

Kinachofuata ni ngamia. Wamevikwa vitambaa vya kila rangi, jambo linalovunja sharti langu la rangi moja, na mwenyewe anataka pesa kwanza hata kama hupandi. Tumeshakubaliana bei. Atanipa yule mwenye tandiko lenye zambarau nyingi, bamvua ijayo, saa tisa alasiri, maji yakiwa bado yanapanda.